MCHEZA KWAO HUTUZWA, LAKINI ATUZWE KWA LIPI?

Hakuna askari aliyepitia chuo cha mafunzo, awe wa jeshi au wa polisi, ambaye hakumbuki ukaguzi wa mabweni. Afande huingia asubuhi, mikono nyuma, akapitisha kidole juu ya ukingo wa dirisha, akainama kutazama uvungu wa vitanda, akakagua viatu na mikunjo ya mablanketi. Mwishoni hulitangaza bweni lililoshinda, nalo hukabidhiwa kibendera cha kutundika mlangoni kwa muda wa wiki moja. Kibendera chenyewe ni kipande cha kitambaa ambacho sokoni hakinunui hata kiberiti. Hata hivyo vijana arobaini wataamka kabla ya tarumbeta, wapige deki sakafu iliyokuwa iking'aa tangu jana, ili kibendera hicho kisihamie bweni la jirani.

Yafaa tujiulize nguvu hiyo hutoka wapi. Amri ya usafi ilikuwapo tangu siku ya kwanza. Mshahara haukuongezwa, wala adhabu haikuzidishwa. Kilichoongezwa ni mchezo: pana wapinzani, pana mwamuzi, pana kushinda na kushindwa mbele ya wenzako.

Wahenga walinena kuwa mcheza kwao hutuzwa. Walinena pia kuwa mzaha mzaha hutumbuka usaha. Katika makala haya tungependa kuzitazama methali hizi mbili kwa pamoja, kwa kuwa jambo tunalolizungumzia lina pande zote mbili. Na kwa askari, ambaye amekabidhiwa silaha pamoja na uwezo wa kumnyima mtu uhuru wake, upande wa pili ni mzito kuliko kwa mfanyakazi mwingine yeyote.

JINA JIPYA, JAMBO LA KALE

Tangu yapata mwaka 2010, viwanda, mabenki, maduka makubwa na ofisi katika nchi nyingi zimekuwa zikiieneza mbinu ya kuifanya kazi iwe mithili ya mchezo. Mfanyakazi hupewa alama kwa kila kazi anayoimaliza. Akifikisha alama kadhaa hupewa beji na kupandishwa ngazi. Jina lake, au jina la kikundi chake, huonekana katika ubao wa matokeo, na siku hizi ubao huo mara nyingi ni kioo cha kompyuta au cha simu ya mkononi. Washauri wa mambo ya uongozi huandika vitabu juu ya mbinu hiyo na kulipwa vizuri kwa kuifundisha.

Kwa hakika ina mantiki. Mchezo humpa mtu lengo analoliona kwa macho. Humpa jawabu papo hapo, asingoje taarifa ya mwisho wa mwaka ndipo ajue kama amefanya vema. Humwonyesha hatua alizokwisha kuzipanda. Juu ya yote humfunga pamoja na wenzake, kwa sababu anayejua kuwa uzembe wake utaliangusha kundi zima huona haya kuzembea.

Lakini mambo haya hayakuzaliwa na kompyuta. Miongoni mwa Wasukuma, kusini mwa Ziwa Victoria, vikundi vya wakulima vimelima kwa ngoma ya bugobogobo tangu enzi za mababu. Watu husimama safu moja, majembe yakapaa na kushuka kwa mlio wa ngoma, na shamba ambalo lingemchosha mtu mmoja kwa siku nyingi likamalizwa kwa muda mfupi huku watu wakiimba. Mashindano ya vyama vya ngoma, Bagika na Bagalu, yamejulikana sana katika nchi hiyo. Na mkulima aliyejifunza kushindana katika ngoma alijua pia kushindana kwa jembe.

Askari wa Afrika ya Mashariki nao wana kumbukumbu yao. Mwishoni mwa karne ya 19 palizuka katika miji ya pwani ngoma iliyoitwa beni, iliyoigiza gwaride na bendi za kijeshi. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, mwaka 1914 hadi 1918, askari na wapagazi waliieneza hadi bara. Vyama vyake vikuu vilikuwa Marini na Arinoti. Kila chama kilikuwa na sare zake na vyeo vyake, tangu mfalme na jenerali hadi askari wa kawaida, na vilishindana kwa mavazi, kwa nidhamu ya mwendo na kwa karamu. Mwanahistoria Mwingereza Terence Ranger aliandika kitabu kizima juu ya ngoma hiyo, kilichotolewa mwaka 1975. Jambo la kukumbukwa ni kwamba vyama hivyo havikuishia katika kucheza. Mwanachama akiugua aliuguzwa, akifiwa alizikiwa. Mashindano yalikuwa gamba la nje; kiini chake kilikuwa kusaidiana.

Viwandani pia jambo hili lina historia. Katika kitabu chake cha mwaka 1936, Dale Carnegie wa Marekani anasimulia kisa cha Charles Schwab, mkuu wa viwanda vya chuma. Schwab alifika katika kiwanda kimoja ambacho uzalishaji wake ulikuwa duni. Jioni, kabla zamu ya usiku haijaingia, aliuliza zamu ya mchana wameyeyusha chuma mara ngapi. Akajibiwa mara sita. Akachukua chaki, akaandika 6 kubwa sakafuni, akaondoka bila kusema neno. Zamu ya usiku ilipoelezwa maana ya tarakimu ile, ilijitahidi hata asubuhi ikaonekana 7 mahali pa 6. Zamu ya mchana haikukubali; ilipotoka ilikuwa imeacha 10. Muda si mrefu kiwanda kile kikawa mbele ya vingine.

Hapo tulipofika, kila mkuu wa kikosi angetamani kutia chaki mfukoni. Tunamwomba asubiri kidogo.

MCHIMBAJI NA WENZAKE WAWILI

Usiku wa kuamkia tarehe 31 Agosti, 1935, mchimba makaa ya mawe aitwaye Alexei Stakhanov, katika mgodi mmoja wa Donbas, Umoja wa Kisovieti, alitangazwa kuwa amechimba tani 102 katika zamu moja isiyofikia saa sita. Kipimo cha kawaida kilikuwa tani 7. Jina lake likavuma dunia nzima, na wafanyakazi wa kila aina, wafumaji, madereva wa treni, waashi, wakahimizwa kumwiga. Waliovunja rekodi walipewa nishani, nyumba na zawadi.

Ushujaa wa mtu yule hatuudharau. Lakini tani 102 hazikuwa za mikono miwili. Wakati Stakhanov akikata makaa kwa nyundo yake ya upepo bila kusimama, wenzake wawili walimfuata nyuma wakisimika nguzo za mbao ili paa la mgodi lisiwaporomokee. Hapo zamani kila mchimbaji alikata na kusimika mwenyewe. Siri ya rekodi ile ilikuwa mgawanyo wa kazi, yaani timu. Lakini ubao wa matokeo ulikuwa na nafasi ya jina moja tu. Kisha mwaka 1936 vipimo vya kazi vikapandishwa katika viwanda vingi, hata mfanyakazi wa kawaida akajikuta akitakiwa kufanya zaidi kwa sababu ya rekodi ya mtu mwingine. Si ajabu kwamba wavunja rekodi walichukiwa mahali pengi na wenzao.

Miaka mingi baadaye, mwaka 2011, gazeti la Los Angeles Times liliandika habari za wafuaji nguo katika hoteli za Disneyland, Marekani. Ukutani paliwekwa vioo vilivyoonyesha jina la kila mfanyakazi na kasi yake: rangi ya kijani kwa aliyefikia lengo, nyekundu kwa aliyebaki nyuma. Wafanyakazi waliupa mtambo huo jina la mjeledi wa umeme, na wengine walisema waliogopa hata kwenda msalani. Ubao ulikuwapo, alama zilikuwapo, lakini mchezo haukuwapo tena, kwa maana mchezo ambao mtu hawezi kushindwa bila kuogopa kupoteza riziki yake hauna furaha ndani yake.

HESABU YA MAITI

Mifano hiyo ni ya viwandani, ambako hasara kubwa ni chuki na uchovu. Tuingie sasa katika kazi ya silaha.

Katika vita vya Vietnam, jeshi la Marekani lilipigana mahali ambapo hapakuwa na mstari wa mbele wa kupima kama linasonga au linarudi nyuma. Makamanda wakachagua kupima kwa idadi ya maadui waliouawa. Hesabu hiyo iliandikwa katika ubao wa kila kikosi, vikosi vikashindanishwa, na ofisa ambaye hesabu yake ilikuwa ndogo aliona cheo chake kikiwa hatarini. Askari walioleta hesabu kubwa walizawadiwa siku za mapumziko.

Kati ya Desemba 1968 na Mei 1969, Divisheni ya 9 ya askari wa miguu iliendesha operesheni kubwa katika bonde la mto Mekong. Ilitangaza kuwa imeua maadui 10,899. Silaha zilizokamatwa zilikuwa 748. Askari yeyote aliyewahi kupigana ataona mara moja kasoro ya hesabu hiyo: mtu mwenye silaha akianguka, silaha yake huanguka naye. Uchunguzi wa jeshi lenyewe, uliofanyika mwaka 1972, ulikisia kuwa raia waliouawa katika operesheni hiyo walikuwa kati ya 5,000 na 7,000. Walikuwa wakulima wa mpunga, wake zao na watoto wao, nao waliingizwa katika ubao kama alama za ushindi.

Baada ya vita, Douglas Kinnard, jenerali mstaafu aliyegeuka kuwa mwanachuoni, aliwauliza majenerali wenzake waliokuwa Vietnam kama kipimo kile kilikuwa halali. Waliosema ndiyo walikuwa asilimia 2 tu. Maana yake ni kwamba karibu wote walijua. Walijua, wakaendelea kuhesabu, kwa kuwa mchezo ukisha kuanza ni vigumu kwa mchezaji mmoja kuwa wa kwanza kutoka uwanjani.

VIJANA WA SOACHA

Kisa cha Kolombia kinatuhuzunisha zaidi, maana huko vita vilikuwa baina ya wananchi wa nchi moja. Jeshi lilikuwa likipambana na waasi, na wakubwa walitaka matokeo. Vikosi vilipangwa kwa idadi ya waasi waliouawa. Mwaka 2005 wizara ya ulinzi ilitoa agizo la siri lililopanga malipo kwa waasi waliouawa au kukamatwa, na askari walioleta matokeo walipata likizo, nishani na kupandishwa vyeo.

Mwaka 2008 vijana kadhaa walitoweka katika mji wa Soacha, jirani na mji mkuu wa Bogotá. Walikuwa wameahidiwa kazi. Baadaye maiti zao zilipatikana zimezikwa huko Ocaña, mamia ya kilomita kutoka kwao, zikiwa zimeandikishwa kuwa za waasi waliouawa vitani. Kijana mmoja alidaiwa kuwa alifyatua bastola kwa mkono wake wa kulia. Mama yake akasimama na kusema kuwa mkono huo wa mwanawe ulikuwa umelemaa.

Kina mama wa Soacha hawakunyamaza. Mwezi Oktoba 2008 serikali iliwafukuza kazi maofisa na askari 27, wakiwemo majenerali watatu. Mahakama maalumu iliyoundwa kutokana na mapatano ya amani ya mwaka 2016 ilitangaza mwaka 2021 kuwa watu wasiopungua 6,402 waliuawa kwa namna hiyo kati ya mwaka 2002 na 2008. Mwezi Aprili 2022, hapo hapo Ocaña, wanajeshi wastaafu, akiwemo jenerali mmoja, walisimama mbele ya familia za marehemu na kukiri.

Ndugu askari, tusijidanganye kwa kudhani kuwa waliotenda mambo hayo walizaliwa na mioyo ya chui. Wengi wao walikuwa vijana wa vijijini kama wewe, waliojiunga na jeshi kuitumikia nchi yao. Waliwekwa katika mchezo ambao alama yake ilikuwa maiti, na likizo ya kwenda kumwona mama ilinunuliwa kwa alama hiyo. Hapo wengine wakaona kuwa mwasi ni mgumu kumpata, lakini kijana asiye na kazi anapatikana kila kona. Wakosaji wanawajibika kwa makosa yao. Lakini yule aliyeuchora ubao naye hawezi kunawa mikono.

Wapo watakaosema hayo yamepita. Hayajapita. Tangu mwaka 2024 Ukraina imeendesha mpango ambao vikosi vyake vya droni hupata alama kwa kila shabaha iliyopigwa, na alama hizo hubadilishwa kwa droni na zana nyingine za kikosi. Tunakiri kuwa mpango huo umejifunza kutokana na makosa ya zamani: alama haitolewi bila picha ya video, tuzo huenda kwa kikosi kizima, na mwaka 2025 viongozi wake walieleza kuwa adui anayetekwa akiwa hai ana alama nyingi kuliko aliyeuawa. Hata hivyo bado ni uhai wa binadamu unaoandikwa ubaoni, na kamanda anayeutazama ubao wa namna hiyo anapaswa kulala jicho moja likiwa wazi.

WIZI ULIOGEUKA KUWA UPOTEVU

Polisi nao wasidhani kuwa hadithi hii ni ya jeshi pekee. Mwaka 1994 polisi wa jiji la New York, chini ya kamishna William Bratton, walianza mikutano ya kila wiki ambamo wakuu wa vituo waliulizwa hadharani juu ya takwimu za uhalifu katika maeneo yao. Jambo lenyewe lilikuwa jema. Liliwalazimisha wakubwa kujua yanayotendeka mitaani, na uhalifu ulishuka sana: mauaji 2,245 ya mwaka 1990 yalikuwa 633 mwaka 1998. Sababu za mabadiliko hayo zilikuwa nyingi, lakini mikutano ile ilipewa sifa, na majiji mengine yakaiiga.

Baadaye dosari ikaingia. Mkuu wa kituo aliyesimamishwa mbele ya wenzake na kuaibishwa hataki kurudi wiki ijayo na tarakimu ile ile. Mwaka 2012 zilifichuliwa habari za uchunguzi wa ndani uliothibitisha kuwa katika kituo kimoja cha Brooklyn taarifa za uhalifu zilipunguzwa uzito au hazikuandikwa kabisa. Aliyeporwa aliandikwa kuwa amepotewa na mali. Katika ubao, uhalifu umepungua. Mtaani, mwizi yuko huru, na mlalamikaji amerudi nyumbani akijua kuwa kituo cha polisi si mahali pa kumwambia mtu shida.

Huko Ireland ilibainika mwaka 2017 kuwa polisi walikuwa wameandika vipimo vya pumzi vya madereva zaidi ya 1,400,000 ambavyo havikufanyika, katika muda wa miaka minane. Hapakuwa na mtu aliyeuawa, wala aliyeibiwa. Lakini kitabu cha polisi kiliandika uongo zaidi ya mara milioni, na ushahidi wa polisi mahakamani hautegemei kitu kingine isipokuwa kuaminika kwa kitabu chao.

Mchumi Mwingereza Charles Goodhart alilieleza jambo hili mwaka 1975 alipokuwa akichunguza mambo ya fedha. Maana ya maneno yake, tukiyaweka kwa lugha yetu, ni kuwa kipimo kikitumiwa kuwasukuma watu, watu nao hukisukuma kipimo. Kipima joto humsaidia mganga mradi mgonjwa asilipwe kwa kuonyesha joto la chini.

HATA TIMU YAWEZA KUKOSEA

Msomaji ataweza kusema: basi dawa ni kushindanisha vikundi, mtu mmoja mmoja asionekane. Ni kweli kwamba hilo ni bora, lakini halitoshi. Katika viwanda vingi huwekwa ubao unaohesabu siku zilizopita bila ajali, na kikundi chenye siku nyingi hupewa zawadi. Mwaka 2012 idara ya usalama kazini ya Marekani ilionya juu ya zawadi za namna hiyo. Mfanyakazi akikatwa kidole siku moja kabla ya tuzo, wenzake humtazama kwa jicho baya; naye hufunga kidonda kwa kitambaa na kunyamaza. Upendo wa kundi, ule ule uliotuamsha alfajiri kupiga deki bweni, hugeuka kuwa kamba ya kumziba mdomo aliyeumia.

Tuyaweke hayo kambini. Ikiwa kombania yenye makosa machache ndiyo inayoshinda, nani atakayeripoti kuwa risasi zimepungua ghalani? Nani atakayesema kuwa breki za lori ni mbovu?

MASWALI MATANO KWA MKUU WA KIKOSI

Hatusemi kwamba mchezo uondolewe kazini. Kikosi kisicho na mashindano hupooza, na askari anayefanya mema bila mtu kuona hukata tamaa. Tunachosema ni kuwa kabla mkuu hajaandika alama ya kwanza, ajiulize maswali yafuatayo.

La kwanza, na kubwa kuliko yote: nani anailipa alama hii? Ikiwa inalipwa kwa jasho la wachezaji wenyewe, mchezo ni halali. Silaha iliyosafishwa, gari linalowaka, askari aliyejua kufunga jeraha la mwenzake, dakika zilizopita tangu raia apige simu hadi doria ifike mlangoni pake: hizo ni kazi za mikono yetu. Lakini ikiwa alama lazima itolewe kwa mtu aliye nje ya mchezo, yaani idadi ya waliouawa, ya waliokamatwa, ya faini zilizotozwa, basi tumempa askari sababu ya kumtafuta mtu wa kuifidia. Tuhesabu kazi, tusihesabu watu.

La pili: nani anahakikisha? Anayefaidika na hesabu asiwe mwenye kuhesabu. Afande akague bweni lisilo lake, na kituo kimoja kikague kitabu cha kituo kingine.

La tatu: aliyesimika nguzo anaonekana? Kila rekodi ina watu wawili nyuma yake. Mpishi, fundi, mpiga simu na mlinzi wa lango wawe ndani ya timu na ndani ya tuzo.

La nne: mleta habari mbaya anapata nini? Anayeripoti kasoro kabla haijaleta madhara apewe alama, wala asiondolewe hata moja. Hapo ndipo kundi litakapompongeza badala ya kumnunia.

La tano: tuzo ina uzito gani, na mchezo unakwisha lini? Mwaka 1971 mwanasaikolojia Edward Deci aliwapa wanafunzi mafumbo ya kutegua. Waliolipwa fedha, malipo yalipokoma, walipoteza hamu kuliko wale ambao hawakulipwa tangu mwanzo. Tuzo kubwa huifukuza ile furaha tuliyotaka kuiamsha, na ikizidi kuwa kubwa huita wizi. Kibendera kinatosha. Nao mchezo upangiwe mwisho, ushindi usherehekewe, wala ushindi wa leo usigeuzwe kuwa amri ya kesho.

Tutoe mfano. Tuseme karakana ya kambi ina magari kumi na mawili, na matano tu ndiyo yanayowaka. Mkuu wa karakana awagawe mafundi na madereva katika vikundi vitatu vyenye uwezo sawa, kila kimoja kikabidhiwe magari manne. Ubao uwekwe pale ambapo wote wanapita. Kila Jumatatu sajini wa kikundi kingine awashe kila gari, apime breki, taa na magurudumu. Gari lililofaulu lina alama moja, na kasoro iliyoripotiwa na kikundi chenyewe kabla ya ukaguzi haipunguzi kitu. Kikundi kilichoomba spea na kunyimwa kisiadhibiwe kwa upungufu wa bohari. Ombi liandikwe ubaoni, wakubwa nao walione. Baada ya miezi mitatu mchezo uishe, kibendera kitolewe, watu wale pamoja, vikundi vichanganywe upya. Hapo hakuna raia aliyeumia, hakuna aliyedanganya, na siku ya dharura magari yatatoka langoni.

SIRI YA BWENI

Tulianza bwenini, na tungependa tumalizie huko. Kila aliyepitia mafunzo anaijua siri moja ambayo afande hujifanya haijui. Usiku wa kuamkia ukaguzi, makuruta wengi hawalali kitandani. Hutandika kitanda jioni, wakakinyoosha shuka kama ubao, kisha wakajilaza chini sakafuni hadi alfajiri ili mikunjo isiharibike. Kitanda kilichowekwa ili mtu alalie kimekuwa cha kutazamwa, na mwenyewe amelala kwenye saruji.

Tunalikumbuka jambo hilo kwa kicheko, na tuna haki ya kucheka, kwa sababu aliyeilipa alama ile alikuwa kuruta mwenyewe kwa mgongo wake. Lakini kuruta yule sasa ni koplo, au sajini, au mkuu wa kituo. Amekabidhiwa ubao na chaki. Atakapoandika tarakimu ya kwanza, na akumbuke usiku ule wa sakafuni, ajiulize: safari hii, ni nani atakayelala chini ili kitanda changu kipendeze?